Kinga ya Koo ya Bwana Eitel

Wapwa wangu, shemeji yangu Wendel alikuwa mchora vioo bora kuliko wote hapa mjini Ulm, baada yangu. Mimi mikono ilianza kutetemeka kwa bia tu, ndiyo maana nikabaki kumsagia rangi. Alikuwa mpole, mla supu ya dengu, asiyegombana hata na kuku. Lakini akishika brashi, hata dada yangu, mkewe, angetumbukia kisimani, yeye angesubiri kwanza rangi ikauke.

Bwana Eitel alitaka dirisha la kanisa: yeye amepiga magoti ndani ya deraya yake mpya, vazi la chuma la vita, nyuma yake wanawe watatu. Wawili walishafariki, kwa hiyo juu ya vichwa vyao tuliweka misalaba midogo myekundu, kila mmoja kama kidole gumba, kama tunavyowafanyia marehemu. Wa tatu, Jobst, yu hai.

"Mimi usinitundikie msalaba huo," Bwana akacheka. "Bado nakula."

"Kula, Bwana, ila niachie kinga ya koo. Mng'aro wa chuma hiki sitauweza kwa kukumbuka."

"Jumapili naenda vitani. Jumamosi iwe kwangu."

Jumamosi nikaikuta kinga ingali mezani. Wendel amepaka kioo weusi, anaukwangua kwa kijiti ili mwanga upite, anafuta, anaanza tena.

"Shemeji, nipe nimpelekee."

"Mng'aro bado umekufa."

"Na mwenyewe je?"

"Saga rangi, mlevi we! Jua likitoka namaliza."

Jua halikutoka. Jumapili, kengele za misa ya kwanza zilipolia, nikaipokonya, nikakimbia na kitambi changu hiki hadi lango la mto. Nikakuta alama za kwato za farasi wake tu, nikairudisha kinga mezani.

Tukachoma kioo tanurini. Kikatoka kizuri ajabu. Koo la Bwana liling'aa kama samaki aliye hai.

Siku ya kumi na mbili akaja mkewe, Bibi Ottilie, kavaa nyeusi. Hakukaa.

"Fundi, mwongezee mume wangu msalaba."

Wendel akashika brashi, ikamponyoka.

Bibi akatazama kioo, kisha meza. "Mshale ulimpata hapa," akagusa koo lake. Akaiinua ile kinga ya chuma. "Alisema kakiacha kwa mtu mwaminifu."

"Bibi, mimi..."

"Kitamfaa Jobst. Naye anaondoka Jumapili."

Wendel akafunga mikanda ya kinga mwenyewe, mmoja mmoja, akamkabidhi Bibi, akamfuata hadi mlangoni. Pale kiooni, juu ya kichwa cha Jobst, pamebaki peupe, panatosha kidole gumba.