Simu Chini ya Kofia

Fundi cherehani alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake aliupenda kuliko wateja wake. Mchana alishona suruali. Kila Alhamisi jioni alipiga fidla sebuleni kwake pamoja na wenzake, nyimbo za zamani, vilevile walivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kinanda cha umeme? Thubutu! Kabla ya kuanza, kila kitu cha umeme nyumbani kilichomolewa, hata friji, mkewe akabaki jikoni akinung'unikia maziwa yake.

Kazi ya kuchomoa ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mwimbaji wa kikundi. Aliifanya kwa moyo mmoja. "Simu zote zizimwe!" aliamuru, kisha yake akaiweka mezani na kuifunika kwa kofia. "Mimi hata kuiona sitaki." Watu walicheka.

Ni shemeji huyohuyo aliyeng'ang'ania mpiga ngoma afukuzwe. Mpiga ngoma alikuwa rafiki wa fundi tangu utotoni. Siku moja alikuja na ombi: kuna vijana wanachanganya ngoma na mashine, wamemwita, je, aende?

"Akienda, muziki wetu ndiyo basi tena," shemeji alisema, machozi yakimlengalenga.

Fundi akamfukuza rafiki yake. Huu mwaka wa sita, wakikutana njiani kila mtu anaangalia viatu vyake.

Basi, Jumatatu moja fundi alikuwa anampima mteja kiuno, simu ya mteja ikaita kwa wimbo. Mdundo wa kompyuta, wa kupasua masikio. Fundi akabetua midomo. Halafu ikaingia fidla, na futi ya kupimia ikamponyoka mkononi.

Ilikuwa fidla yake. Hata kiti chake kilisikika, kile chenye mguu mbovu, kikilia palepale anapoinama kuvuta upinde hadi mwisho. Na aliyeimba pamoja nayo alikuwa shemeji.

"Wimbo huu uko kila mahali, fundi," mteja alisema. "Kwani hujausikia?"

Alhamisi shemeji akaja, akachomoa friji, akaweka kofia mezani. Fundi akaiinua mbele ya wote. Simu ilikuwa macho, inarekodi, sekunde zinakimbia kwenye kioo.

"Unanirekodi ndani ya nyumba yangu?"

"Shemeji, ningekuomba ungekubali?"

"Ningekataa."

"Sasa unaona? Ndiyo maana sikuomba."

Alisema hivyo bila aibu, akanyoosha mkono akidai simu yake. Fundi angetukanwa ingekuwa afadhali. Akamrudishia simu, akamwonyesha mlango, akaenda mwenyewe kuchomeka friji. Wenzake walikusanya vyombo vyao.

Miguu ikampeleka mtaa wa pili, kwa mpiga ngoma. Alimweleza yote palepale kizingitini: friji, kofia, simu, kiti kinacholia.

"Amenisaliti," alimalizia. "Shemeji yangu, niliyemwamini hivyo, amenisaliti."

Mpiga ngoma alimsikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa bado kwenye komeo. Hakucheka, wala hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuomba ruhusa," alisema.