Mtu wa Habari

Neno lililomponza Sadiya lilikuwa dogo, tena ni neno la salamu.

Mwaka 1977 alikuwa anasoma uandishi wa habari katika chuo cha serikali huko Kampala. Alikuwa Mnubi wa Koboko, wa kwanza katika ukoo wao kufika huko, na kichwa kilishaanza kumvimba. Likizo ile mwalimu aliwapa kazi. Kila mmoja akaandike maisha ya mtu wa kawaida wa kwao, amwulize mwenyewe mtu huyo, asitunge hata sentensi moja. Asiyeileta asirudi darasani.

Pale Arua alikosubiri lori la Koboko, mfanyabiashara mmoja wa tumbaku aliyeitwa Santino, mkimbizi wa zamani kutoka Sudan, alimsogezea gunia akae.

"Binti, kule Kampala unasoma nini?"

"Nasoma kazi ya habari," Sadiya akajibu kwa maringo. "Naulizaka watu maisha yao, naandika yote, napeleka kwa wakubwa."

Wakubwa! Alikuwa na maana ya walimu wake, maskini, lakini ulimi umeshateleza. Huku kwetu miaka ile mtu wa habari hakuwa mwandishi wa gazeti. Alikuwa yule anayekaa pembeni kwenye baa na miwani ya jua, anakuuliza shemeji yako yuko wapi siku hizi, na wiki haiishi wewe na shemeji wote hamuonekani. Santino alinyanyuka, akachukua gunia lake, akamnong'oneza dereva. Dereva akatangaza lori limejaa. Lilikuwa na nafasi tele, kila mtu aliiona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Sadiya akalala Arua. Alipofika Koboko kesho yake, neno lilikuwa limemtangulia. Kisimani wanawake walinyamaza ghafla, na mmoja, aliyewahi kumsuka nywele, akamwaga maji machafu karibu kabisa na miguu yake. Watu wa mji ule, wakikuchukia, hawakupigii kelele. Wanakunyima sauti tu, na mimi naona afadhali matusi.

Hasira zikamjaa. Akaenda moja kwa moja kwa Hawah, mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Hawah alikuwa na mtoto mmoja wa kuzaa, Umaru, askari aliyetoroka kambini akavuka mpaka kwenda Sudan. Sadiya mwenyewe ndiye aliyemfungia mandazi ya njiani. Sasa je, Hawah naye angemwogopa?

Alimkuta uani akisuka kawa ya rangi ya kufunikia chakula.

"Habari gani, mama?"

"Habari hapana," Hawah alisema bila kuinua uso. "Habari iko na wewe."

"Mama, hii ni masomo tu! Wamedanganya wewe. Mimi nataka andika maisha yako, basi."

"Basi, uliza."

Hawah akaweka kawa chini. Akasimama wima, mikono imebana ubavuni, kama wanavyosimama watu mbele ya kizuizi cha barabarani.

"Jina Hawah. Kabila Nubi. Serikali iko muzuri sana. Sukari iko, chumvi iko, sabuni iko."

Sabuni ndani ya nyumba ile ilikuwa imekwisha zamani. Walifulia majivu.

"Na watoto?" Sadiya akaropoka, akajuta hapo hapo.

"Mutoto hapana."

"Mama..."

"Mimi hapana zaa, hapana lea. Andika hivyo, afande."

Alimwita afande. Sadiya akajua hapo kwamba hata akiapa kwa msahafu, maneno yake hayatasaidia kitu. Aliogopa kurudi chuoni mikono mitupu. Aliogopa zaidi kuandika ukweli, maana ukweli ungemfikisha mtu kwa Umaru. Akaandika alichoambiwa, sukari, chumvi, sabuni na yote, na mwisho kabisa kwamba mama huyu hakujaliwa mtoto wa kuzaa wala wa kulea.

Mwalimu alimpa alama za juu kuliko darasa zima, akaandika pembeni kwamba hivi ndivyo mwandishi anavyopaswa kumsikiliza mtu.

Likizo iliyofuata, wenzake walipofunga mizigo kwenda kwao, Sadiya alibaki bwenini.