Mguu wa Tigiri

Leo nimefundishwa kumjua mbwa wangu mwenyewe!

Nabandika hapa kwenye ubao wa kantini kabla hamjasikia kwa wengine.

Tigiri amezeeka. Baridi ya hapa kwetu Gatsata ikishuka, anaamka amekakamaa, anachechemea mpaka jua litoke.

Nikajifanya daktari. Kila asubuhi maji ya moto na kitambaa, namkanda mguu wa mbele wa kulia. Akiukanyaga, kichwa kinashuka, kwa hiyo ndio unaouma. Nilikuwa na uhakika, msinicheke.

Leo akapita jirani yetu Bibi Zaituni, anayekanda wanawake waliojifungua. Mbwa hamgusi, lakini jicho analo.

"Baba Aline, unakanda mguu mzima, usiouma!"

"Bibi, mbwa ni wangu."

"Na kukanda ni kazi yangu. Mwenye maumivu huangushia kichwa na uzito kwenye mguu mzima. Hamia kushoto."

Nikahamia, ili tu nimwonyeshe amekosea.

Tigiri akashusha pumzi ndefu, akalaza kichwa pajani kwangu.

Wiki tatu zote alikuwa ananivumilia!

Kalamu iko hapo kwenye kamba, chekeni kwa maandishi. Ila daktari bado ni mimi.