Chai mbele ya mama mukwe

Asubuhi ya kwanza alipoamka nyumbani kwetu, mama mukwe wangu alikunywa chai mbele yangu, na tangu hapo kichwa changu hakikutulia.

Nieleze kwanza, maana wengine kwao mambo haya hayapo. Kwetu Walunda wa Sandoa, na kwa Waluba wa Kasai alikotoka mke wangu, mama na mume wa binti yake hawali wakitazamana. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Ukiwa mezani naye akatokea, unaondoka na kuiacha bukari, ugali wetu, ipoe. Si chuki hiyo, ni heshima: mama aliyekuzalia mke hapaswi kukuona ukitafuna. Hayo nayajua tangu utotoni. Lakini chai je? Chai haitafunwi. Hapo ndipo nilipopotea.

Hakuja kwetu kwa kupenda. Nyumba yake iko ng'ambo nyingine ya mji wetu wa Kolwezi, karibu na mgodi, na ukuta mmoja ulipasuka kwa mitikisiko ya baruti. Kijana wake mkubwa akaanza kuujenga upya, na mama akahitaji pa kulala. Sasa, huyu ndiye mama ambaye binti yake alipotaka kuolewa na mimi, sudere, mtu wa kuchomelea vyuma, tena Mulunda, alisema hapana. Siku ya ndoa hakutokea kanisani. Baba wadogo wa mke wangu ndio waliopokea mbuzi wa mahari. Miaka yote iliyofuata alinisalimu kupitia mke wangu tu. Alipoingia na mizigo yake nikajiapiza: kabla hajarudi kwake, lazima nijue kama huyu mama amenikubali kuwa mukwe wake.

Basi alfajiri, kabla basi la kazini halijapita, namkuta tayari uani, amewasha mbabula, jiko letu la makaa, limekuwa jekundu. Anachemsha maji na majani ya sinda, yale marefu yenye harufu ya ndimu, na kipande cha tangawizi alichokiponda kwa jiwe. Kisha anatia majani meusi kidogo tu, anachuja, anamimina kutoka kikombe hadi kikombe mpaka povu linapanda. Sukari anaweka mwenyewe, hakuulizi, na hakosei kipimo. Halafu anaketi kwenye kigoda, uso kwa uso na mimi, anavuta funda kwa kishindo: fyuuu!

“Kunywa na sauti,” aliniambia. “Ukinyamaza itakuunguza mudomo.”

Nikavuta kwa sauti. Aisee, ile chai! Niliingia kwenye basi nikiimba, wenzangu wakauliza kama nimepandishwa cheo. Mimi nilijua nimepandishwa kikubwa zaidi. Nilikuwa nimefanywa mtoto wa nyumbani.

Jioni nikamwambia mke wangu. Akaacha kusonga bukari, mwiko mkononi.

“Anakunywa mbele yako? Kabisa?”

“Kabisa. Na sauti.”

“Basi hakuoni kuwa mukwe. Mama wa kwetu hawezi kunywa mbele ya mukwe.” Akafikiri. “Ao amekufanya mutoto wake.”

“Sasa ni gani?”

“Mi najua? Muulize yeye.”

Haya, nimuulize! Ataanzaje mtu kumuuliza mama mukwe neno kama hilo? Nilikasirika, nikala bukari bila kuisikia ladha.

Pale karakana nikaitupa kesi mbele ya wenzangu. Mmoja akasema chai ni maji tu, na maji hayana ukwe. Mwingine akaruka: “Yee, tata! Chai na mukate ni chakula. Asubuhi ukiulizwa kama umekula, si unajibu umekunywa chai?” Wakabishana mpaka msimamizi, Mchina mpole aliyezunguka kila siku na chupa ya chai ya kijani, majani yakielea ndani, akaja kuona nani ameumia. Alipofafanuliwa alicheka, akanipa pakiti ya chai yake nimpelekee mama. Mama akaionja bila sukari, akakunja uso. “Hii ni dawa ya nini?” Lakini aliimaliza, tena mbele yangu, na mimi nikazidi kuchanganyikiwa.

Kwa usalama niliacha mkate wangu wa asubuhi. Nikajiambia, nikinywa chai kavu sijala, na kama sijala sijavunja kitu. Kwa hiyo nikawa nakwenda kazini na njaa, nachomelea huku nahesabu saa za chakula cha mchana, yote kwa sababu ya mama mmoja na kikombe chake. Na bado kila alfajiri nilitoka kitandani mbio. Ningekosaje? Alinisimulia habari za mwanamke aliyempa mbegu ya kwanza ya sinda, alivyoipanda karibu na bomba, jinsi marehemu mume wake alivyokuwa akitia sukari mpaka kijiko kinasimama. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikumbuki kama aliwahi kunipa chai. Nilifurahi, nasema wazi, na nilikereka kwamba sijui kama furaha hiyo ni yangu kweli.

Siku ya mapumziko wakaja mama wa kwaya kumjulia hali. Nikawaletea viti. Mmoja akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akamuuliza, “Na huyu tata ni nani?”

Mama mukwe akakoroga chai yake. “Ni mwenye nyumba,” akasema.

Mwenye nyumba! Kama mtu wa kupangisha vyumba! Nikatoka nikaenda kupiga nyundo bomba ambalo halikuwa na kosa lolote.

Kesho yake alfajiri alinimiminia kama kawaida. Sikukishika kikombe.

“Mama,” nikasema, “mi niko nani kwako? Unakunywa mbele yangu kila siku. Niko mutoto? Niko jirani? Niambie tu, hata kama ni vibaya.”

Alimaliza chai yake taratibu, akasuuza kikombe, akaingia ndani. Siku nzima nilijilaani. Nani anamfokea mama mukwe?

Asubuhi iliyofuata uani hapakuwa na mtu. Mbabula ilikuwa inawaka. Juu ya meza, ndani, palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani, na pembeni yake mkate umepakwa siagi. Kigoda hakipo. Nikasikia sauti yake nyuma ya mlango wa chumba.

“Mukwe. Chai iko pa meza. Kula, usiende na njaa tena.”

Mukwe. Alisema hivyo, na alisema mwenyewe, bila kumpitia mke wangu. Nikakaa peke yangu mbele ya ule mkate. Nilikuwa nimepata nilichokitaka miaka yote, na mkate sikuugusa. Mke wangu alipotoka alinikuta nalia, akauliza, “Amekutukana?” Nikamwambia hapana, ameniheshimu.

Siku hizi amerudi kwake, ukuta umesimama. Tukimtembelea, mimi nakaa barazani, yeye anabaki ndani, dirisha kati yetu lina pazia. Mke wangu ananiletea kikombe. Harufu ya sinda ni ileile. Sijui hadi leo kama nilishinda ama niliharibu, na nimeacha kuuliza watu.

Mara ya mwisho alisema kutoka ndani, “Sukari imefika kipimo?”

“Imefika, mama.”

Halafu nyuma ya pazia nikasikia: fyuuu! Nikainua changu, nikavuta kwa sauti kubwa, ili naye anisikie.