Siku Nilimukana Feza, Tabliye ya Kampuni Ikiwa Kifuani

Siku ile walikuwa hawa: miye mwenyewe, Koko Kalunga, mupishi; Feza, mutoto wa mudogo wangu Zawadi, huyu Feza njo tunapika pamoja; Papa Didier, shefu wa kambi ya wale wenye kujenga barabara upande wa Nyunzu; enspekteri wa kazi, jina yake Papa Kisimba, mutoto wa Mama Anjelina mwenye alikuwa anauzisha samaki wa ndagala kandokando yangu sokoni (nilimubeba huyu Kisimba mugongoni, na alinikojolea vizuri); na watumishi wa barabara, kila muntu na sahani yake, wanangoja bukari, ugali wetu. Na jogoo. Jogoo nitamufikia. Ninawataja wote kwa sababu wote waliona haya yangu, na mupaka leo nikipita sokoni hapa Kalemie kuna wenye kuniwikia.

Mambo ilianzia kwa kontra, mukataba wa kazi. Siku ya kuanza kazi Papa Didier alitusomea karatasi: kwanza, ati siye si watumishi wa kampuni, ni watu wa kujitegemea (lakini sufuria ni ya kampuni, tabliye ya kujifunga kifuani nikipika ni ya kampuni, saa ya kufika inapangwa na kampuni, na shemeji yangu Zakaria alipokufa niliomba ruhusa kwa Papa Didier ndipo niende kilioni), pili, siri. "Vyenye mutaona na kusikia humu, visitoke inje." Muntu mwenye akili angeuliza, siri gani, Papa? Miye sikuuliza, masomo yangu kwa masista iliishia chini sana na sikutaka anione mujinga, basi nikatia kidole kwenye wino, halafu, kwa kuongeza utamu, nikaapa kwa kaburi ya bwana yangu Mulongo. Kwetu ukiapa kwa kaburi, umejifunga. Papa Didier alishangaa, maskini, yeye aliomba kidole tu.

Kisha Feza akaungua. Mafuta ya mawese ilimumwangikia mukono wa kuume mbele ya macho yangu, na tulipoomba kampuni imupeleke hospitali, Papa Didier akasema kwa upole (si muntu mubaya, anaogopa wakubwa wake wa Lubumbashi), "Mama, kontra inasema munajitegemea. Mutumishi njo anatunzwa na kampuni." Mukono ukavimba. Feza akaenda kwa enspekteri, akamwambia: nina shahidi, mama mukubwa wangu aliona yote.

Shahidi njo miye.

Enspekteri akafika saa ya chakula. Nilikuwa na mwiko mukononi, tabliye kifuani na jina ya kampuni yenye hata kipofu angesoma. Papa Didier akapita kando yangu, akaninongoneza, "Koko, chunga ile siri." Nikaona kaburi ya Mulongo inanitazama.

"Jambo, Koko. Unatumika hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenye unasimama."

"Nilikuwa napita."

Watu wakaanza kucheka. Na miye, badala ya kuacha ule mwiko, nikazidi kukoroga kwa nguvu, kama vile wapita njia wa inchi hii wanakoroga bukari ya watu.

"Na huyu Papa Didier, ni patron yako?"

"Simujui huyu baba."

Papa Didier mwenyewe kinywa wazi. Enspekteri akamuleta Feza mbele yangu, mukono umefungwa kitambaa. "Na huyu?"

Huyu mutoto, miye njo nilimukata kitovu. Nikaangalia sufuria. "Sijamuona hata siku moja."

"Mama mukubwa!" Feza akapiga yowe.

Hapo jogoo, mwenye tulimufunga muguu kwenye meza kungojea sufuria ya jioni, akawika.

Weee! Inchi yote hii tunasali, hakuna mwenye hakuelewa. "Petro!" muntu mumoja akapiga kelele kwa kicheko, "Mutakatifu Petro wa bukari!" Sahani zikaanguka. Enspekteri alicheka mupaka akakaa juu ya mufuko wa unga. Miye nikaficha uso ndani ya tabliye, na ile jina ya kampuni ikanifunika vizuri.

Alipomaliza kupanguza machozi, akaomba kontra, akaisoma pole pole. "Koko, siri ni juu ya kwenye barabara itapita, watu wasikimbilie kununua mashamba. Kusema unatumika kwa nani na nani aliungua, hakuna karatasi ya kukuzuia." Akamugeukia Papa Didier. "Na weye, shefu, muntu wa kujitegemea anamuogopa patron mupaka anamukana mutoto wa ndugu yake?"

Basi nikafungua kinywa. Nikasema mafuta, mukono, sufuria, ruhusa ya kilio cha Zakaria, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunga siku mingi nikashindwa kusimama: "Na tena barabara haipiti kwa misheni kama watu wanafikiri, inapita nyuma ya shamba ya Papa Songolo, nilisikia waenjinia nikiwagawia mboga ya sombe!"

"Koko," Papa Didier akasema, sauti ya muntu wa matanga, "ile njo ilikuwa siri." Na nikaona wanaume wawili wanaweka sahani chini na kuondoka mbio.

Feza alipelekwa hospitali na gari ya kampuni; mukono ulipona, leo anasonga bukari kunishinda. Siye wawili tukaandikwa watumishi. Na barua yangu ya kwanza ya utumishi ilikuwa ya onyo. Feza alinisomea, ati nikirudilia kutoa siri nitafukuzwa, na miye nikamwambia arudilie kusoma pale juu, kwenye wameandika "mutumishi wetu Mama Kalunga".

"Mama mukubwa, wanakugombeza!"

"Wanamugombeza muntu wao. Soma."

Jogoo tulimupika ile ile jioni, na nilimukatakata kwa hasira. Mulongo nilimuomba musamaha kaburini, na kwa kaburi yake sitaapa tena mbele ya kuuliza naapa nini. Kama nimekosea jina ya muntu, zaidi wale wawili wenye kukimbia (mumoja ninafikiri ni Papa Lwamba), munirekebishe mukinikuta sokoni. Lakini kwa maneno, tafazali. Musiwike.