Akina Ward wa Korogwe

Safari hii sikuipanga mimi. Aliipanga Bibi Tabitha, mdogo wake marehemu babu yetu, baada ya kusikia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba kaka yangu Erasto, mtoto wa baba mkubwa, amegundua huko Toronto kuwa sisi ni Waingereza.

Babu yetu aliitwa Wodi. Korogwe nzima inajua kisa chake: alikuwa wa kwanza katika ukoo kuzaliwa hospitali, kwenye wodi ya misheni, na jina likamganda. Erasto alipofika Kanada akaliandika Ward. Wenzake kazini wakamsifia jina zuri la Kiingereza, naye akamalizia kazi iliyobaki: akamtafutia babu baba mpya, ofisa wa Kiingereza aliyepita Korogwe enzi za ukoloni.

Wengine tulicheka. Bibi hakucheka.

“Huyo anayezuliwa kuzaa na Mzungu ni mama yangu,” aliniambia. “Alikuwa mke wa mtu. Umealikwa kwenye mahafali ya binti wa Erasto, basi nenda, na umwambie ayafute maneno yake mimi nikiwa hai.”

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, ofisa alisoma pasipoti yangu. “Wodi? Kama ya wagonjwa?” Nikamwambia ndiyo hiyohiyo, ila nakwenda kutembelea tawi la kifalme.

Toronto nilifika mchana, nikapanda treni ya kutoka uwanjani hadi Weston. Erasto alinisubiri stesheni amevaa koti la suti, joto la Juni likimchemsha.

“Karibu sana, mdogo wangu. Karibu kwa akina Ward.”

Kasri la akina Ward ni fleti kwenye ghorofa la zamani kando ya mto Humber, na lifti yake hufanya kazi inapojisikia. Ukutani kulikuwa na fremu yenye ngao ya dhahabu na mnyama ambaye si simba wala si mbwa. Aliinunua kwenye kibanda fulani katika jengo la maduka. Muuzaji ana ngao ya kila jina. Ungemtajia hata Shekilango wa kwetu angekutafutia.

Jioni, mtukufu alisonga ugali mwenyewe, nami nikamfikishia ujumbe wa Bibi.

“Mambo ya wazee hayo, dada. Huku watu wanapenda historia.”

Binti yake Grace Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, nami nawafasiria. Alikuwa ameshaitafuta hiyo historia kwenye simu. “Ward ni neno la Kiingereza cha kale, baba. Maana yake mlinzi. Na wengine ni Waayalandi, ukoo wa malenga.”

“Mlinzi wa mfalme,” Erasto akamsahihisha.

“Hapa hawajataja mfalme. Ni mlinzi tu.”

Erasto hulinda mlango wa duka la nguo mjini, kwa hiyo ukweli ulikuwa umempitia karibu sana. Akaomba nimwongezee mchuzi.

Jumapili, baada ya ibada, waumini walikunywa chai ukumbini. Wengi ni watu wa Kongo na Burundi. Erasto akasimama kunitambulisha, akaanza tena habari za ofisa. Nilitamani sakafu inimeze. Ndipo Mama Furaha, jirani yake kutoka Bukavu, akaweka kikombe chini. Alitaka kuelewa tu, maskini.

“Papa Erasto, huyu mama wa babu yako, hakukuwa na bwana yake?”

“Alikuwa naye.”

“Na bwana yake, alisema nini?”

Erasto akaketi. Miaka yote hiyo alikuwa amewaza ofisa, farasi wake na kofia yake. Mwanamke hakuwahi kumwaza. Ukumbi mzima ukatazama chai. Nilimwonea huruma, nami sikwenda Kanada kuona huruma.

Tuliporudi nyumbani alimpigia Bibi mwenyewe.

“Shikamoo, Bibi. Nimekosa.”

“Marahaba. Unajua mama alizaa wangapi kabla ya babu yako?”

“Sijui, Bibi.”

“Watatu. Wote walifia nyumbani. Huyo wa nne baba akasema potelea mbali, twende kwa hao wenye koti jeupe. Akamshika mama mkono njia nzima. Mtoto alipolia, baba ndiye aliyesema aitwe Wodi.”

Erasto alikaa chini kwenye zulia, mtu mzima, akalia. Grace akaketi kando yake.

Mahafali yalipita salama. Jumapili iliyofuata Erasto alisimama tena ukumbini, safari hii bila koti, akayafuta maneno yake yote.

Korogwe nilirudi na vitu viwili: chokoleti zilizoyeyuka, na funzo kwamba anayetaka babu wa heshima aanze kwa kumuuliza bibi. Bibi Tabitha hakuzitazama chokoleti.

“Amesema mbele ya watu?”

“Mbele ya watu wote.”

“Na baba yangu, amemtaja?”

“Amemtaja. Zefania, mume wa Debora.”

Akajifuta macho kwa pindo la khanga.

“Basi nikifika kwa mama,” akasema, “nitakuwa na la kumwambia.”