Miezi Sita ya Kulinda Plasta

Wangila alikuwa fundi wa plasta, na kama kuna mtu aliyezaliwa akichukia nyufa, ni yeye. Mwaka wa tisini na saba alichukua kazi ya kupiga plasta bweni la shule moja kule Shinyalu: mikono yake na ya wenzake, simiti ya kontrakta. Wenzake walikuwa watano, kikundi kile kile cha miaka tisa. Desturi yao ilikuwa nyepesi. Wangila hupatana bei, Wangila hutia sahihi vocha, kisha wote sita hugawana sawa kwa sawa.

Kazi ilipokwisha, ofisi ya kontrakta mjini Kakamega ilimlipa shilingi elfu themanini na nne, kasoro asilimia tano. Vocha ilikuwa ya Kiingereza. Wangila aliiona hiyo asilimia tano akatabasamu. Jamani, alitabasamu! Aliijua tangu alipofanya kazi Eldoret: retensheni, pesa ambazo mwenye kazi huzishikilia miezi sita aone kama ukuta utapasuka. Usipopasuka, unarudishiwa. Hakuuliza, maana mtu haulizi anachokijua.

Kwa hiyo kila mmoja akapungukiwa mia saba. "Hizo ziko juu," Wangila akawaambia. "Tulinde plasta, zitarudi."

Na aliilinda! Kila baada ya wiki mbili alikwenda Shinyalu na mwiko wake ndani ya gunia. Wasichana wakigonga ukuta kwa masanduku yao, Wangila anaziba. Mvua ikilowesha kona, Wangila anakwangua, anaziba. Simiti alinunua mwenyewe, kilo mbili kilo mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba mpaka matroni wa bweni akadhani ameajiriwa na shule.

Miezi sita ilipotimia alivaa koti, akaenda ofisini. Karani, binti aliyeitwa Jeruto, alifungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

"Retensheni gani, mzee? Wewe hukushikiliwa kitu. Hiyo ilikuwa kodi."

"Lakini ukuta haujapasuka, madam!"

"Hata ungeanguka. Pesa ilishaenda kwa serikali." Akamsukumia karatasi yenye muhuri. "Hii ni cheti ya kuonyesha ulikatwa. Ukijaza fomu za kodi, watakuhesabia. Uko na PIN ya kodi?"

Hakuwa nayo. Alitoka pale na hasira. Alimkasirikia Jeruto, ambaye hakuwa na kosa. Aliikasirikia serikali, na ile vocha, na simiti yote aliyoibandika bure kwenye ukuta wa watu. Lakini zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe, fundi mzima aliyeona aibu kuuliza swali moja.

Jioni hiyo aliwaita wenzake, akawaeleza bila kuficha neno. Chrispinus, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliigeuza ile karatasi huku na huku.

"Fundi, hapa kuna jina moja tu."

"Ni langu, mzee. Mimi ndiye niliweka sahihi."

"Sawa. Na sisi tulilipa kwa nani?"

Wangila alilisoma tena jina lake. Serikali ilikuwa imemkata yeye na kumpa cheti. Yeye aliwakata watu watano na kuwapa maneno. Hakuna aliyemwita mwizi, na hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu mwizi angeweza angalau kujitetea.

Hakulala na jambo hilo. Alilipa mia saba za kila mmoja kutoka mfukoni mwake, kidogo kidogo, mpaka Pasaka ikapita. Walipokea, wakashukuru, wakaendelea kumtania kama zamani. Akadhani yamekwisha.

Baadaye wakapata kazi nyingine, ya duka kule Butere. Siku ya malipo Wangila alifika ofisini kwa kontrakta akamkuta Chrispinus amekwisha kutangulia, amevaa shati safi, amesimama mlangoni.

"Mzee, nani amekuita?"

"Hakuna." Chrispinus alitazama viatu vyake. "Wenzetu wamesema tu nikuwe nakujanga na wewe."

Waliingia pamoja, wakaketi kwenye benchi moja, wakisubiri jina la Wangila liitwe. Miaka tisa alikuwa akizifuata pesa zao peke yake.